Uzi Mguuni mwa Kinyonga

Katungu alishuka kwenye boti ya Bukavu pale bandari ya Kituku, Goma, saa tatu asubuhi, kitenge chake cha njano kimelowa pindoni, sanduku kifuani. Katikati ya kelele za wauza dagaa wa sambaza akatoa chupa moja, akaiinua juani kuona kama pombe kali ya kuhifadhia iliyomo imevuja.

"Mama, samaki huyo wa pembe tatu ni bei gani?"

Aliyeuliza alikuwa kijana mrefu, salopeti yake ya kazi imejaa vumbi la mbao.

"Haiko samaki, baba. Iko kinyonga, na alikufa miaka mingi mbele ya mama yako kuzaliwa."

"Basi namba ya simu nitaomba ya kwako, si ya kwake."

Hivyo ndivyo Mirindi, seremala wa mtaa wa Katindo, alivyolibeba sanduku lile hadi kituo cha utafiti. Wiki iliyofuata akatengeneza rafu za chupa, na tangu hapo wakawa wapenzi, akawa anapiga simu kila mchana.

"Allô, chérie. Wazee wako wa pembe wameamka?"

"Wamelala. Wewe ndiye unawapigia kelele."

Katungu alimweleza kazi yake. Vinyonga thelathini na saba, waliokusanywa zamani za Wabelgiji, wote walikuwa wamegeuka kijivu, na rangi haikuweza tena kumwambia nani ni nani. Alihesabu magamba, akapima pembe. Sita hawakufanana na jamii yoyote inayojulikana. Akishajua kila mmoja alitoka wapi, kijiji cha Kalengera au kwingine, angeweza kuwapa jina jipya. Mahali walikotoka paliandikwa kwenye kikaratasi kilichofungwa kwa uzi mguuni, naye alikuwa akivinakili daftarini kimoja kimoja. Hilo la kikaratasi hakumwambia Mirindi; aliona kila mtu analijua.

Januari vita vikaingia mjini. Siku tano Katungu hakutoka nyumbani. Aliporudi kituoni, madirisha yalikuwa yamepasuka, lakini vinyonga walikuwa ndani ya chupa mpya, wameoshwa, miguu mitupu. Pembeni palikuwa na bahasha ya vikaratasi thelathini na saba, vimekaushwa vizuri.

"Nyuzi zilikuwa zimeoza, nikazikata," Mirindi alisema, mikono mfukoni, akitabasamu. "Maandishi yalitaka kufutika."

"Huyu ni wa wapi, Mirindi?"

Akaiangalia bahasha.

"Na huyu? Wamekaa miaka sabini, hakuna aliyewagusa. Wewe ndiye umewamaliza. Toka."

Akatoka, mikono ingali mfukoni.

Miezi miwili Katungu alilinganisha vipimo vya daftari lake na miili ile. Thelathini na mmoja aliwarudishia vikaratasi vyao. Vikaratasi vya wale sita hakuwa amevinakili bado. Vilibaki vikaratasi vitatu vya Kalengera na vitatu vya kwingine, na hakuna aliyeweza kusema kipi ni cha nani.

Siku moja muzee Habarurema, mlinzi wa kituo, alimkuta analia.

"Ule mutoto ulimufukuza bure. Bomu liliangusha rafu. Alikuja kwa mguu toka Katindo, risasi zinalia, akaokota wanyama wako ndani ya vioo, mumoja mumoja. Hukuona mikono yake?"

"Kwa nini hakusema?"

"Ulimuacha aseme?"

Katungu akampigia Mirindi simu.

"Uko wapi?"

"Kituku. Boti inaondoka saa saba. Kaka yangu amenipatia kazi Bukavu."

"Ningoje."

Alimkuta amesimama na mfuko mmoja, viganja vyake vimejaa makovu meupe. Katungu alivishika vyote viwili.

"Nisamehe."

"Na wale sita?"

"Hawatapata jina."

"Basi na mimi nisamehe."

"Baki, Mirindi."

"Atelier yangu ya mbao imeungua, chérie. Nitabaki na nini?"

Katungu alifungua pochi yake. Akatoa kikaratasi, akaandika kwa penseli: Mirindi. Kituku, Goma. Akakifunga kwa uzi kwenye kifundo cha mkono wa Mirindi.

"Usikikate."

"Uzi ukioza?"

"Urudi nikufungie mwingine."

Boti ikaondoka. Katungu akarudi kituoni, akawatoa wale sita mmoja mmoja, akawafunga vikaratasi vipya miguuni. Juu ya kila kimoja aliandika: Mahali hapajulikani.