Bisibisi Kwenye Pua ya Ndege

Kila siku baada ya masomo, Kipanga hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alizunguka nyuma ya uwanja wa ndege, akamwonyesha mlinzi kitambulisho chake cha shule, ambacho mlinzi alishachoka kukiona, kisha akaingia kwenye banda kubwa la mabati. Humo ndimo mama yake alimofanya kazi ya ufundi wa ndege. Msichana alikaa kwenye benchi la chai, akafungua madaftari yake, akangoja mama mdogo afunge cherehani yake huko mjini aje kumchukua.

"Usiguse kitu," alisema mama kila alipomwona akiingia.

"Sijagusa, mama."

"Ndiyo nakwambia kabla hujagusa."

Mafundi wengine nao walimwambia hivyo hivyo. Akisimama, usiguse. Akikohoa, usiguse. Kipanga alikuwa amechoka kuambiwa, na wao walikuwa wamechoka kumwambia, lakini hakuna aliyeacha.

Nyuma ya benchi kulikuwa na ubao mweupe wa zana. Kila spana, koleo na bisibisi ilikuwa imechorewa umbo lake kwa rangi nyeusi, kama kivuli chake. Fundi aliyechukua zana aliacha kibati chenye namba yake kikining'inia mahali pale. Kazi ikiisha, vivuli vyote vilitakiwa kufunikwa. Kipanga aliuona ubao huo tangu akiwa mdogo, kwa hiyo alikuwa hauoni tena, kama mtu asivyouona mlango wa kwao.

Wiki hiyo kichwa chake kilijaa jambo moja. Darasa lao liliandaa maonyesho ya historia ya usafiri wa anga. Wengine walipewa maputo, wengine ndege za vita, wengine ndege kubwa za abiria. Kipanga alipewa safari za kuvuka bahari. Alikuwa ametengeneza kwa vipande vya makopo na mbao nyepesi mfano wa ndege ya injini moja, kama ile ya rubani wa kwanza kuvuka Bahari ya Atlantiki peke yake bila kutua. Ilikuwa nzuri kweli, ila ilikuwa na ugonjwa mmoja. Kila alipoining'iniza kwa uzi, mkia ulishuka na pua ikatazama dari.

"Inawika," alisema mama mdogo akicheka. "Hiyo si ndege, ni jogoo."

Kipanga alitia misumari kwenye pua. Misumari ilikuwa myepesi. Akatia kokoto, ikachomoka. Akakasirika, akaipeleka banda la ndege kumwonyesha mama.

"Yule rubani wako alibana uzito mpaka akaacha redio," mama alisema huku akinawa mikono kwa ajili ya chai. "Akaacha hata parachuti. Akakalia kiti cha kusuka, chepesi. Wewe umejaza bati mkiani, halafu unamlaumu nani?"

"Sasa nifanyeje?"

"Fikiri."

Papo hapo mkuu wa karakana akamwita mama kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuita mara mbili. Mama akaondoka mbio. Juu ya benchi, karibu na kikombe, ikabaki bisibisi aliyotoka nayo kazini. Ilikuwa fupi kama kidole, nene, ya chuma mpaka mpini.

Kipanga aliichukua tu aipime. Aliiingiza kwenye pua ya ndege yake, ikakaa kana kwamba ilitengenezewa pale. Akainua uzi. Ndege ikatulia sawasawa, mabawa yamenyooka. Moyo wake ukaruka. "Nitairudisha maonyesho yakiisha," alijiambia. Mama mdogo alipofika kumchukua, ndege ilikuwa tayari ndani ya mfuko. Nyumbani akaziba pua kwa gundi na karatasi, akapaka rangi ya fedha, akaiweka dirishani ikauke.

Giza lilipoanza kuingia, simu ya mama mdogo ikalia. Alikuwa anapika, kwa hiyo akaiweka kwa sauti ya juu.

"Mwambie mtoto ale, asiningoje," ilisema sauti ya mama, imechoka na kukwaruza. "Kuna bisibisi imepotea. Kidude kama kidole! Tumeng'oa viti, sasa tunang'oa sakafu."

"Dada, si mnunue nyingine?"

Mama akashusha pumzi ndefu. "Mdogo wangu, usinitie wazimu. Mpya tunazo sanduku zima. Ninachotafuta ni jibu la ile iko wapi. Ikiwa imedondoka ndani ya ndege ikakwama kwenye nyaya za usukani, rubani atageuza na ndege isigeuke. Kibati changu ndicho kinachoning'inia ubaoni. Mpaka ipatikane, ndege haitoki."

Simu ikakatika. Kipanga alitazama dirishani. Akili yake ikaanza kumtafutia pa kutokea. Wanaitafuta ndani ya ndege, na ndani ya ndege haimo, kwa hiyo hakuna atakayeumia. Maonyesho ni kesho asubuhi. Kesho mchana nitasema. Akala kidogo, akalala vibaya.

Asubuhi aliambiwa kwamba mama alirudi, akaoga, akaondoka tena kabla hajaamka.

Shuleni, ndege yake ilining'inia katikati ya darasa ikipepea taratibu. Jirani yake kwenye maonyesho alikuwa mvulana waliyemwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Yeye alipewa ndege za vita.

"Zangu zina bunduki," Redio alisema. "Yako inabeba mtu mmoja mwenye usingizi."

"Zaidi ya saa thelathini angani bila kulala! Wewe hukai macho kipindi kimoja cha hesabu."

"Hesabu haina injini."

Mwalimu wa historia akaingia, uso umechanua. "Watoto, tumebahatika! Tumepata rubani wa kweli awe mwamuzi. Ndege yake imekwama, akakubali kuja."

"Nyinyi mmebahatika," alisema rubani nyuma yake. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye macho mekundu. "Mimi nina abiria ukumbini wananitazama kana kwamba hiyo bisibisi nimeimeza mimi. Bibi mmoja ameniuliza kama najua kuendesha au nimekodi sare tu."

Darasa likacheka. Kipanga hakucheka.

Rubani alianza kwa Redio, ambaye alieleza bila kuvuta pumzi kwamba mwanzoni ndege za vita zilitumwa kupeleleza tu, na kwamba kuna marubani waliorusha mabomu kwa mkono.

"Kwa mkono," rubani alisema. "Na leo mimi siwezi kuruka kwa ajili ya bisibisi. Endelea. Au basi, imetosha, usiendelee."

Akafika kwa Kipanga. Akainama, akaizunguka ndege. "Mbona haina kioo mbele?"

"Tangi la mafuta liliwekwa mbele yake, kapteni. Alichungulia kwa madirisha ya pembeni, na kwa kifaa chenye vioo."

Kwa mara ya kwanza rubani akatabasamu. "Wengi husahau hilo. Na umeisawazisha vipi? Ndege za watoto wote huwa na mkia mzito."

"Udongo," Kipanga alijibu. Neno lilitoka lenyewe. "Nimetia udongo kwenye pua."

"Udongo mzuri huo."

Mwalimu akauliza, "Na hiyo bisibisi yenu, kapteni, itapatikana kweli?"

Rubani akajikuna shingo. "Sijui. Kinachoniudhi zaidi ni huyo fundi. Mama mmoja hodari. Nimeruka juu ya kazi ya mikono yake miaka mingi, sijawahi kupata wasiwasi. Mkuu wa karakana amesema adhuhuri ikifika bila jibu, hatamruhusu kugusa ndege tena. Atabaki kufagia banda."

"Kipanga," Redio akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, "si mama yako ndiye fundi wa ndege?"

Wote wakamgeukia. Kipanga aliona mikono ya mama, ile yenye makovu madogo ya kukatwa na bati, imeshika fagio. Akainua mkono, akakata uzi.

"Wewe!" mwalimu akapiga kelele. "Kapteni hajamaliza kutoa alama!"

Kipanga aliibana ndege kwapani, akaishika pua kwa mikono miwili na kuivunja. Gundi ikatoa mlio, makopo yakajikunja, bawa moja likaanguka. Akatoa kitu kifupi cha chuma, kilichoganda gundi, na kumpa rubani.

Rubani alikitazama. Akamtazama yeye. Akakitazama tena.

"Huu ndio udongo?"

"Ndiyo, kapteni."

"Mwalimu, nipe huyu mtoto," rubani alisema taratibu. "Na wewe, twende. Njiani usiniambie kitu, maana sitajibu vizuri."

Bandani, ndege ilikuwa imepasuliwa. Viti vilipangwa sakafuni kama kwenye msiba, mbao za sakafu ya ndege zimeegemezwa ukutani. Miguu ya mama ilichomoza kwenye mkia.

"Fundi," rubani akaita. "Toka. Imepatikana."

Mama akatoka kinyumenyume, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaona bisibisi mkononi mwa rubani, kisha akamwona Kipanga kando yake. Aliipokea. Akaikwangua gundi kwa ukucha mpaka namba ya zana ikaonekana, akaisoma, akaketi chini hapo hapo.

Mkuu wa karakana hakuketi. Aliguna, akapiga paja, akatembea mpaka mlangoni na kurudi. "Banda zima! Usiku na asubuhi! Mafundi wangu wametambaa kama watoto wachanga, kumbe zana iko shuleni inasoma!"

"Mzee, mimi ndiye niliyeiacha kwenye benchi la chai," mama alisema. "Chai na zana havikai pamoja. Mimi mwenyewe ndiye ninayewafundisha vijana hivyo."

"Basi utawafundisha tena, mwezi mzima, mbele yangu. Hujaondolewa kwenye ndege. Sasa rudisheni kila kitu, halafu tunahesabu zana upya. Haitoki mpaka tuhesabu." Akamgeukia rubani. "Kawaambie abiria."

"Yule bibi nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli. Yeye ataukasirikia, lakini atafika salama."

Mama akamvuta Kipanga pembeni. Msichana alikuwa analia. "Mama, nilikusikia kwenye simu, ila mimi nilijua haimo ndani ya ndege. Nilijua hakuna atakayeumia."

"Wewe ulijua. Sisi hatukujua, na hicho ndicho kilichonimaliza." Mama alijipangusa uso, akazidi kuuchafua. "Mtu akijua kwa hakika kilichomo na kisichomo ndani ya ndege yake, anaweza kuvuka bahari. Asipojua, hata uwanja huu asiuvuke. Jana jioni ulisikia ninavyohangaika. Ungesema neno moja kwenye ile simu, ningekugombeza, tukalala. Ulilikalia, na angalia." Alionyesha viti, mbao, mafundi waliosinzia wakiwa wamesimama. "Kukosea tunakosea. Mimi pia nimekosea. Lakini kosa likisemwa mapema linabaki dogo, na likifichwa wengine ndio wanaolibeba bila kujua. Ukichukua kitu, sema. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama watu watafura. Nitafura, nakuahidi. Lakini sema."

"Nimeelewa, mama."

"Na leo ni zamu yako. Kila skrubu ya sakafu hii utaipangusa kabla haijarudi."

Kipanga alipangusa mpaka vidole vikawa vyeusi. Jua lilikuwa limeinama wakati mama alipompa ile bisibisi. Msichana akaining'iniza ubaoni, ikafunika kivuli chake. Mama akachukua kibati chake, akakitia mfukoni.

Punde injini zikanguruma, na ndege ikapita mbele ya mlango wa banda, ikaongeza mbio, ikainuka. Kipanga alikimbia kuitazama mpaka ikawa nukta. Alipogeuka, aliona mama hajatoka. Alikuwa amesimama mbele ya ubao, kidole kinahama kutoka kivuli hadi kivuli.

Kipanga akarudi kusimama kando yake. Mama akafumbua mdomo amwambie asiguse, kisha akaufumba, kwa kuwa mtoto alikuwa amekwisha kutia mikono yote miwili mfukoni.