Hayajabaki Hata Tone

Boza la maji halikuja.

Hadi saa kumi na moja jioni kila kitu kilikuwa tayari ufukweni San Telmo, isipokuwa hicho kimoja tu. Kayaki zimelazwa mchangani, pua zikitazama bahari. Makafi yamefungwa mawili mawili. Chapati za tortilla, nyama kavu, maharage na tende zimeshagawiwa kwenye mifuko isiyopitisha maji, na Eduviges Murillo alikuwa amekagua kwa mkono wake mwenyewe kila mfuniko wa kila tundu la mzigo. Wageni sita kutoka Guadalajara walikuwa mjini, wangeletwa alfajiri. Safari ya siku tano kando ya pwani isiyo na mto, isiyo na bomba, isiyo na kivuli cha maana. Pwani ile, bila maji, hata siku moja huimalizi.

"Boza limevunjika ekseli kule mlimani," alisema Nabor, kiongozi mwenzake, akirudisha simu mfukoni. "Na keshokutwa upepo wa kaskazini unaingia. Tusipoondoka alfajiri tukafika sehemu iliyokingwa kabla yake, safari imekufa."

"Basi ife."

"Acha utani, Vique," Nabor alisema, akilikata jina lake kama kawaida. "Kisima si kipo? Kwa doña Tranquilina."

Eduviges akainama, akajifanya anakaza kamba iliyokuwa imekazwa zamani.

"Au unamwogopa bibi wa watu?" Nabor akacheka. "Mchawi gani huyo anayeuza jibini ya mbuzi sokoni? Nenda bwana. Akikugeuza chura, nitakuja kukubeba kwa ndoo."

Nabor alikuwa mgeni pale, hajamaliza hata mwaka. Alijua kwamba mwana wa bibi huyo, Lázaro, alikuwa kiongozi wa safari kama wao, na kwamba alipotelea jangwani miaka miwili iliyopita akiwa safarini na Eduviges. Hakujua zaidi ya hapo. Hakuna aliyejua zaidi ya hapo.

Eduviges akapakia madumu manane kwenye pikapu, akapanda korongo.

Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya milima alipofika. Mbwa wawili wakamwona. Hawakubweka. Walirudi kinyumenyume, mikia katikati ya miguu, wakaingia zizini na mbuzi.

Bibi alikuwa ameketi kando ya kisima kama mtu aliyeahidiwa mgeni.

"Shikamoo, doña Tranquilina."

Marahaba haikuja.

"Madumu mangapi?"

"Manane."

"Manane!" Bibi akatema mate chini. "Mwanangu alikuomba funda moja."

"Mama, mimi..."

"Usiniite mama. Chota uende zako."

"Nashukuru."

"Usinishukuru. Maji haya si yangu siku hizi. Muombe mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

Bibi akaelekeza kidevu kisimani. Kisha akanyanyuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Eduviges akateremsha ndoo. Kapi likalia. Kwii... kwii... kwii... Ndoo ikagusa maji chini gizani. Akangoja izame.

Gu... gu... gu...

Ilikuwa sauti ya mtu anayekunywa bila kupumua.

Akavuta haraka. Ndoo ikaja nyepesi, imelowa, tupu. Na harufu ikapanda nayo. Harufu ya mwani uliooza, ya chumvi, ya ngozi iliyobabuka kwa jua. Bahari ilikuwa maili nne kutoka pale.

Akateremsha tena. Gu... gu... gu... Tupu. Safari hii kwenye ukingo wa ndoo palikuwa na alama nyeupe ya chumvi, umbo la midomo.

Akateremsha mara ya tatu.

Kamba ikakazika. Haikuvutwa. Ilishikwa tu.

"Bosi..."

Sauti ilikuwa ya chini sana, kavu, kama jani linaloburutwa juu ya jiwe.

"Bosi... yamebaki?"

Maneno yale Eduviges aliyajua. Mara ya mwisho aliyasikia ufukweni, siku ya tatu baada ya upepo wa kaskazini kuwafungia mahali pasipo njia. Wageni wanne, viongozi wawili. Lázaro alikuja mpaka kwenye kayaki yake, midomo imepasuka, akauliza hivyo hivyo. Naye akamjibu, "Hayajabaki hata tone." Lázaro akaamini. Akaenda kutafuta maji kwenye makorongo, asirudi.

"Yalikuwepo," Eduviges alisema kisimani, machozi yakimtoka. "Lita nne. Nilizificha kwenye tundu la mbele. Zilikuwa za wageni, Lázaro. Nilikuwa na wageni!"

Kamba ikalegea, na ndoo ikapanda imejaa pomoni, maji safi, baridi. Akajaza dumu la kwanza, la pili, hadi la nane. Alipowasha gari, bibi alikuwa dirishani mwa nyumba yake.

"Umesema nusu," alimwambia. "Nusu ya pili utaisema ukiwa na kiu."

Njia nzima ya kurudi, nyuma ya pikapu, kitu kilikuwa kikinywa. Eduviges hakutazama kwenye kioo.

Alfajiri, wageni wakivaa majaketi ya kuokolea, Nabor alikuwa wa kwanza kuyanyanyua madumu.

"Vique, ulilala usingizi kisimani? Matatu haya matupu."

"Niliyajaza yote."

"Yamejazwa na upepo?"

Vifuniko vilikuwa vimekazwa. Chini ya madumu mchanga ulikuwa mkavu. Eduviges akamshika Nabor mkono, akamvuta pembeni.

"Usiende leo. Nakuomba."

"Niwaambie nini watu hawa? Kwamba bibi kaniloga? Matano yanatosha siku tatu. Wewe tafuta boti, uniletee mengine kesho kambini kabla ya upepo."

"Nabor, kuna mtu ndani ya maji hayo."

Nabor akafungua dumu moja, akapiga mafunda matatu, akajifuta mdomo. "Matamu. Mtu gani? Usiniaibishe mbele ya wageni." Akaenda zake, akawapanga, akawatanguliza majini mmoja mmoja, kisha akapiga kafi akawapita na kukaa mbele yao. Dakika kumi baadaye walishakata rasi.

Eduviges akachukua redio ya mawasiliano, akapanda korongo mbio.

Mchana ule bibi alikuwa bibi tu. Alikuwa amekaa barazani akikamua maji ya jibini kwenye kitambaa, nzi wakimzunguka.

"Yule wa kisimani," Eduviges alisema, akihema, "nataka kumwambia yaliyobaki."

"Niambie mimi."

Ikabidi aseme. Koo lilikuwa kavu kwa kiu, maneno yakatoka moja moja. Kwamba wageni walipewa lita moja tu. Kwamba asubuhi iliyofuata, alipoiona boti ya uokoaji kwa mbali, lita tatu zilikuwa bado kwenye tundu la mbele. Kwamba aliona aibu, waokoaji wasije wakayakuta.

"Ukafanya nini?"

"Niliyamwaga. Baharini."

Bibi hakuacha kukamua.

"Alikuona," akasema. "Alikuwa amerudi. Yuko juu ya mwamba, anakutazama unamwaga, hana sauti ya kuita. Ananisimulia kila jioni. Jioni mia saba mimi nasikiliza hayo, nikingoja uje useme kwa mdomo wako."

Eduviges akapiga magoti. "Nisamehe."

"Toba yako sina pa kuiweka. Ninachotaka ni kiu yako."

"Basi anichukue mimi! Wageni wamemkosea nini? Niache nizungumze naye."

"Hayumo." Bibi akanyanyua macho kwa mara ya kwanza, na hayakuwa na huruma hata kidogo. "Si uliondoka naye jana? Aliniaga. Alisema anarudi kazini."

Redio ikakoroma.

"Vique..." Ilikuwa sauti ya Nabor, lakini imechakaa, kama ya mzee. "Vique, madumu yote... vifuniko vimefungwa... hakuna kitu ndani..."

"Geuza! Nabor, wageuze wote, sasa hivi!"

"Tunageuza... upepo umeingia mapema... Vique, ulimi wangu..."

Kisha ikaja pumzi ya mtu mwingine, karibu kabisa na kipaza sauti. Redio ikazimika.

Walirudi saa tisa alasiri, wakisukumwa na mawimbi, wote hai. Wanakijiji waliowabeba mchangani hawakuamini macho yao. Watu waliotoka asubuhi ile ile walikuwa na midomo iliyopasuka na ndimi zilizovimba, kama waliopotea siku tatu. Walikunywa maji yote ya duka la pale, kisha soda zote.

Aliyepata sauti kwanza alikuwa doña Obdulia, mwalimu mstaafu, mkubwa kuliko wageni wote.

"Kampuni yenu haina utu," alimwambia Eduviges. "Mnampelekaje mtu kazini bila chupa ya maji?"

"Mtu gani?"

"Mwenzenu wa nyuma. Mpole, mtu wa watu. Alikuja ubavuni mwa kila mmoja wetu, akaomba funda. Tukampa."

"Nyuma hakukuwa na mtu," Nabor alinong'ona. "Nilikuwa kiongozi peke yangu."

"Tumempa mpaka chupa zikaisha," mwalimu yule alisema, macho yamemtoka. "Nani atamnyima mtu maji jangwani?"

Doña Tranquilina alihama wiki ile na mbuzi wake, na kisima chake sasa kinatoa maji kama kisima chochote. Nabor hasemi na Eduviges. Naye Eduviges aliiacha bahari, akaenda kuishi mji wa mgodi huko bara, ambako hamjui mtu. Kila siku huweka ndoo iliyojaa nje ya mlango wake, na kila asubuhi huikuta imekauka. Majirani humwambia ni jua tu, dada, jua la huku ni kali. Naye hawakatalii.

Lakini ndoo ile huiweka jua likishazama.