Kamba ya Mama Liv

Kila Jumamosi Themelina na mama yake, Sevasti, husafisha ua wa nyumba yao ya wageni kijijini Masouri, kisiwani Kalymnos. Ua huo haukosi watu. Wageni wanaokuja kukwea majabali hulala vyumba vya juu, na majirani hujaa chini kunywa kahawa na kuulizana nani kaanguka, nani kachumbiwa.

"Klorini uichanganye na maji mengi," Sevasti alisema Jumamosi hiyo akitoka kwenda sokoni. "Na usipite nayo karibu na kamba za wageni. Inazila kwa ndani."

"Nimesikia, mama."

Alisikia, ila binamu zake walikuwa wakimsubiri ufukweni. Akaimimina klorini yote ndooni bila maji, akasugua mbiombio, na ndoo ikapinduka. Klorini ikatiririka mpaka ukutani, ambako mgeni wao Ingunn, mama Liv, alikuwa ameanika kamba yake. Sehemu iliyogusa sakafu ikalowa chapachapa.

Themelina aliisuuza mara tatu. Jua likaikausha, ikawa kama mpya. "Si imetakata?" alijiambia. Akaikunja vizuri, sehemu ile akaificha katikati, akakimbilia baharini.

Jioni meza ilijaa watu. "Sevasti, mtoto umemlea," Ingunn alisema. "Amenikunjia kamba bila kuambiwa."

"Huyu?" Bi Kalotina, jirani, alidakia. "Hata shuka lake halikunji."

Watu wakacheka. Themelina naye akacheka.

Asubuhi Liv, binti wa Ingunn mwenye miaka kumi, alipita mezani akirukaruka. "Leo napanda wa kwanza, mama atanishikia kamba."

"Mshikaji ndiye uhai wako," Babu Pantelis, mzee wa nyumba ile, alimwambia. Ujanani alizamia baharini kutafuta sponji, zile za kuogea. "Nasi tulizama hivyo hivyo, roho zetu mikononi mwa mwenzetu aliyeshika kamba juu ya mashua."

Mama na mwana wakaondoka. Themelina alikaa kama mtu aliyekalia siafu. Akisema, wale wote waliosikia akisifiwa watamwonaje? Lakini kila alipofumba macho alimwona Liv juu ya jabali. Akauacha mkate, akatoka mbio.

Aliwakuta chini ya jabali wakikaguana mafundo, kama wafanyavyo wakweaji wote kabla ya kupanda.

"Themelina, nawe nikague," Liv alisema. "Nimefunga sawa?"

Fundo halikuwa na kasoro hata kidogo.

"Usipande," Themelina alisema, sauti ikimkatika. "Kamba niliimwagia klorini jana. Nikanyamaza. Mama Liv aliponisifu, nikazidi kunyamaza."

Ingunn aliipitisha kamba vidoleni, pima baada ya pima. "Ni hapa? Mbona haina alama?"

"Ndiyo maana nilinyamaza."

Ingunn akalifungua fundo la mwanawe. Akaitia kamba begani, akatangulia kurudi.

Nyumbani Themelina alisimama mbele ya meza iliyojaa watu, akarudia yote. "Kumbe ndiyo sababu ilikunjwa vizuri," Bi Kalotina alisema. Hakuna aliyecheka. Sevasti aliinamisha uso.

Ingunn akaikata kamba vipande kwa kisu cha jikoni, asije mtu akaikwelea tena. Sevasti akaenda dukani kwa kaka yake, anayeuza vifaa vya kukwea, akarudi na kamba mpya. Ili kuilipia, Themelina akapewa kazi ya kuosha mikanda ya kukwea inayokodishwa dukani hapo, kila Jumapili hadi msimu uishe.

Babu Pantelis alimketisha kando yake. "Mjukuu wangu, kamba ikiumia hailii. Aliyeiumiza ndiye mdomo wake. Yeye akinyamaza, litasema jabali, na jabali halisemi mara mbili. Aibu ya leo itapoa. Mtoto wa watu akianguka, aibu hiyo utazikwa nayo."

Kipande kirefu cha kamba ile kilifungwa uani kiwe cha kuanikia nguo. Themelina alipoanikia mashuka kwa mara ya kwanza, Bi Kalotina akauliza kutoka roshani yake, "Kamba hiyo ni salama?"

Uso ulimwaka, lakini hakuuficha. "Kwa mashuka tu, Bi Kalotina. Kwa mtu, hapana."