Fremu ya Baba Esteri

Haya yalimkuta rafiki yangu Saady, anayechora mistari ya urembo kwenye baiskeli za zamani pale Kasulu. Anayebisha akamuulize mwenyewe.

Esteri wa Makere alimletea fremu ya baiskeli ya marehemu baba yake. “Fundi, irudishie mstari wa dhahabu pande zote mbili. Baba alikuwa akiuchora mwenyewe, na kesho tunamaliza matanga.”

Alasiri wingu la mvua likatia giza kibandani. Saady akabana pumzi, maana ndivyo mkono unavyotulia, akavuta brashi mpaka mwisho wa bomba la fremu. Akashusha pumzi. Nyuma ya kisogo chake mtu mwingine naye akashusha pumzi, taratibu.

Akageuka. Hapakuwa na mtu. Akaigeuza fremu achore upande wa pili. Mstari ulikuwepo tayari, umenyooka kuliko wake, na rangi ilikuwa bado mbichi.