Sahani Tupu za Injinia

Foleni ya kantini ya chuo ilifika mlangoni, na binti mmoja alikuwa anabandika karatasi ukutani: kunywa maji, lala mapema, usiruke chakula cha asubuhi. Alijitolea kliniki ya wanafunzi, na wenzake walimwita Dada Maji. Mdomo wake haukujua likizo. Kijana mrefu, shati la bluu limepauka kolani, soda mkononi, akasimama kusoma.

"Mbona soda haimo?"

"Umekula nini leo wewe?"

"Mtihani wa hesabu."

"Na jana?"

"Jana mtihani wenyewe ulinila mimi."

Dada Maji alicheka mpaka pini zikamdondoka. Wakaziokota pamoja, na hapo hapo, masikini, akapenda.

Kijana alisoma uhandisi, basi akamwita Injinia. Walipendana hao, wee! Simu asubuhi, simu mchana. Binti aliweka sharti moja tu: kila asubuhi Injinia amtumie picha ya sahani aliyoimaliza.

"Picha iko wapi, mpenzi?"

"Inakuja, daktari wangu usiye na cheti."

"Cheti changu ni wewe unenepe."

Sahani zikaja, tupu kabisa, miezi miwili mfululizo. Lakini Injinia mwenyewe alizidi kupungua, mpaka mkanda akautoboa tundu jipya kwa msumari. Akiulizwa, anasema ni mitihani. Na mshauri wa watu akaamini, kwa kuwa alitaka kuamini.

Jumanne moja alikuwa anachagua picha za kubandika kliniki. Pembeni mwa sahani ya jana akaona kifundo cha mkono wa kike, chenye bangili ya shaba. Akarudi nyuma. Bangili ile ile juzi. Ile ile wiki iliyopita. Akapiga simu.

"Bangili ya nani hiyo?"

"Ya jirani yangu," Injinia akasema. "Ngoja nikueleze..."

"Kumbe mnakula wote kila siku, halafu mimi natumiwa sahani tupu! Endelea kula huko huko."

Akakata. Injinia hakupiga tena, na yeye akajitia kiburi. Siku tano alishauri watu walale, na mwenyewe hakulala.

Siku ya sita mwenye bangili akaingia kliniki, anahema.

"Ndiyo wewe wa Injinia? Dada, hajawahi kula kwangu hata tonge. Alikuwa anabisha hodi nikimaliza kula, anaomba apige picha sahani yangu. Nilidhani ni utani wenu. Sasa hafungui mlango tangu juzi. Leo mama yake amekuja kumchukua."

Dada Maji alitoka mbio na koti la kliniki mwilini.

Chumbani mama alikuwa anakunja mashati. Injinia ameketi kitandani, viatu amevalishwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Daktari amesema apumzike mwaka mzima. Ni sonona, ugonjwa wa moyo kuelemewa na mawazo." Akatoka kuwaachia nafasi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Chakula kilikuwa hakipiti. Usingizi hauji. Nasoma, hakiingii kitu." Aliongea akitazama sakafu. "Ile picha ya kwanza ilikuwa kweli, na ulifurahi sana. Nimefeli kila kitu. Nikasema hilo moja nisilifeli."

"Kila siku nilikuuliza sahani. Hata mara moja sikukuuliza wewe mwenyewe unaendeleaje." Akaanza kulia. "Nisamehe. Nitakusubiri."

"Usinisubiri, mpenzi. Sijui nitarudi lini, wala atakayerudi atakuwa mtu gani."

Alimshika mkono, ulikuwa mwepesi, mifupa mitupu. Mama akaita kwamba gari limefika. Dada Maji akabeba begi mpaka getini, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kumbebea.

Jioni ile aliibandua karatasi ya kantini. Siku ya kwanza simu kimya. Ya pili kimya. Ya tatu, asubuhi, picha ikaingia: sahani imejaa, chakula kimepoa, pembeni pamechotwa kidogo tu. Chini yake maneno machache: "Vijiko viwili. Vyangu mwenyewe."

Aliketi kwenye benchi la wagonjwa akalia kwa sauti. Muuguzi akaja mbio.

"Pole, dada. Kuna msiba?"

"Hapana," akasema, simu ameikumbatia kifuani. "Amebakisha."