Meko ya Bibi Nest

Asubuhi ile theluji ilianguka kila mahali, isipokuwa juu ya kilima cha ngome.

Tangwystl, msichana wa jikoni, aliijua sababu. Wanormani, wavamizi kutoka ng'ambo ya bahari, walipofika mpakani mwa nchi yao waliwalazimisha watu wa bonde kubeba udongo kwa vikapu na kuurundika juu ya nyumba ya bibi yake hadi ukawa kilima. Bibi Nest alikataa kutoka. Alizikwa hai mbele ya meko, akifunika makaa kwa majivu ili moto usife. Juu yake wakasimamisha mnara wa mbao.

“Unanusa?” alinong'ona mpishi Hodierna. “Mkate wa shayiri. Nani anaoka?”

“Si mimi, mama.”

“Basi panya wamejifunza kupika?”

Kufikia adhuhuri sakafu ilikuwa inaunguza nyayo, na chini yake kilisikika kijiti kikichokora majivu, kra, kra, taratibu, kikawapita farasi waliokuwa wakitetemeka, kikaufuata ukuta, kikaja kutulia chini ya kiti cha Bwana Fulk mwenyewe, mkuu wa ngome, naye akainua miguu yote miwili kama mtoto aliyeona nyoka.

Padri alinyunyiza maji. Yalikauka hewani.

Fulk akamkamata Tangwystl mkono. “Pepo hilo ni la kwenu. Liambie ardhi ni yangu, liende zake! Ukikataa utalala kwenye theluji.”

Kwa sheria ya kwao Tangwystl, mrithi akifunua makaa ya wazee wake, ardhi yote inamrudia. Akiikana kwa kinywa chake, imepotea milele. Fulk hakuwahi kuuliza sheria ya mtu.

“Nipe koleo, bwana,” alisema Tangwystl. “Bibi ni mzee, hasikii kwa mbali.”

Akampa.

Tangwystl alibandua ubao wa sakafu, akachimba. Udongo ulipomfika kwapani, vidole vikavu vilimshika mkono.

“Umechelewa, mjukuu wangu.”

“Walinizuia, bibi.”

“Haya, funua.”

Akafunua. Moto ulipanda mnara mzima, na Fulk akakimbia na kiatu kimoja.

Theluji ilipoyeyuka alirudi na watu wenye vikapu. Alimkuta Tangwystl juu ya kilima, mlangoni pa kibanda kipya, akifunika makaa.

“Uko peke yako?” Fulk akacheka.

Chini ya miguu yake kukajibu: kra, kra.

“Karibu ndani, bwana,” alisema Tangwystl. “Bibi amekuwekea nafasi.”