Pumzi Ndani ya Herufi M

Asubuhi Loretta Pruitt aliukuta mpira wa kupulizia kioo umelowa. Ulikuwa umetundikwa msumarini tangu jana, na Las Vegas ni mji ambao shuka likianikwa hukauka kabla hujageuka. Akaunusa. Karafuu! Baba yake, Wendell, ndiye aliyetafuna pipi za karafuu akipinda mirija ya taa za neoni, na Wendell alikuwa kaburini mwezi wa tatu sasa. Alizikwa na jina ambalo yeye peke yake alimwita binti yake: Chiriku, kwa kuwa hakujua kunyamaza.

Kazi hiyo hutaka pumzi. Kioo kikilainika motoni, fundi hupuliza ndani kisibonyee, kisha hewa hunyonywa yote na gesi kutiwa. Loretta alikuwa akikarabati M nyekundu ya taa ya bango, iliyonusurika pale kasino la Silver Mesa lilipoangushwa kwa baruti, watu wakishangilia na bia mkononi. Wendell aliipinda mwaka 1958. Mguu mmoja ulikuwa umevunjika. Fundi mwenye akili timamu angepinda herufi mpya nzima, lakini Loretta roho ilimuuma. Akaunga kioo kipya na cha baba yake, akapuliza, na kitu huko ndani kikaivuta pumzi yake.

Tangu siku hiyo Nadine, bintiye wa miaka saba, alianza kukorota kifuani. Daktari hakuona ugonjwa. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo mtoto alishinda kwenye kochi la karakana. Alhamisi adhuhuri, M ikawaka.

Loretta alimpigia simu Eusebio Tafoya, aliyefanya kazi na baba yake miaka thelathini.

"Mzee Eusebio," alinong'ona, "herufi inawaka, na waya sijaunga."

"Usiniambie umeunga kioo cha Wendell."

"Nimeunga."

"We mtoto we! Kioo cha marehemu kinavunjwa, hakiungwi! Nani kakufundisha kazi?"

"Yeye mwenyewe."

"Basi hiyo si taa tena, ni pepo, na linataka pumzi ya damu yake. Livunje. Lakini nje, Loretta, kwenye upepo, mbali na mtu. Umenisikia? Nje!"

Alipogeuka, midomo ya Nadine ilikuwa imeingia ubluu, na kila alipokosa pumzi M ilizidi kuwaka, mvumo wake ukapanda, harufu ya karafuu ikajaa mpaka machozi yakamtoka Loretta, na herufi yenyewe ilikuwa imefungwa ukutani kwa skrubu nane, akafungua ya kwanza, akafungua ya pili, kucha zikamng'oka, akamwita Mungu, akamwita baba yake, akamsihi amwachie mtoto, na nyuma yake miguu midogo iliyokuwa ikipiga kochi ikatulia.

Nje kulikuwa mbali mno. Loretta akashika nyundo.

Kioo kilipasuka, mwanga ukazimika. Nadine alivuta pumzi moja ndefu, ndefu kupita kifua cha mtoto. Loretta alimkumbatia huku akilia kwa sauti.

"Pumua, mama! Pumua, mwanangu!"

Nadine alifumbua macho. Kinywa chake kilinuka karafuu, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya mzee aliyechoka.

"Mbona umenivunja, Chiriku?"